Lenzi nne za zamani kutoka studio iliyofungwa: zipi zitafaa kwenye Canon 700D?

PwaniPicha, Tanga, anauliza:

Habari zenu, wapenzi wa kamera. Naomba ushauri wenu kabla sijatoa pesa.

Kuna studio ya picha ya siku nyingi hapa mjini ambayo mwenyewe amefariki, na watoto wake wanauza vifaa vyake kidogo kidogo. Katika mkoba mmoja wa ngozi nimekuta lenzi nne za enzi za kamera za mkanda, zote za kufokasi kwa mkono: Super-Takumar ya milimita 50 yenye f/1.4 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa), Helios 44-2 ya milimita 58 yenye f/2, Nikkor ya milimita 135 yenye f/2.8, na Canon FD ya milimita 50 yenye f/1.8. Familia ingependa niuchukue mkoba wote kwa bei moja, lakini wamekubali pia nichague.

Kamera yangu ni Canon EOS 700D, na lenzi niliyo nayo ni ile ya 18-55 iliyokuja nayo dukani. Kazi yangu kubwa ni harusi na sherehe za kumuaga bi harusi, na mara mojamoja hupiga picha za mtu mmoja mmoja ufukweni. Lenzi yangu inashindwa na giza la ukumbini, na lenzi mpya za kisasa zenye tundu kubwa ziko juu ya uwezo wangu kwa sasa. Nadhani ile ya Canon FD itaingia moja kwa moja kwa kuwa kamera nayo ni Canon, na hizo nyingine ndizo zitakazohitaji adapta. Je, ndivyo? Na nikipewa nusu saa ya kukaa na mkoba ule, nikague nini?

FundiVioo, Dar es Salaam:

Salama, kaka. Nianze na hiyo Canon, kwa sababu hapo ndipo wengi hupoteza pesa. Katika lenzi hizo nne, FD ndiyo pekee isiyofaa kwenye Canon yako, na hizo tatu za makampuni mengine ndizo zitakazofanya kazi bila taabu.

Kila mfumo wa kamera una umbali wake maalumu kati ya pete ambapo lenzi hufungwa na mkanda, au kihisi, unaopokea picha. Kwenye mfumo wa FD umbali huo ni milimita 42. Mwaka 1987 Canon walipoleta kamera za EOS waliuacha mfumo huo, wakaanzisha mwingine uitwao EF wenye umbali wa milimita 44, na 700D yako ni ya ukoo huo wa pili. Maana yake ni kwamba FD ukiifunga kwenye kamera yako itakaa mbali na kihisi kuliko ilivyoundwa kukaa, kwa milimita 2, achilia mbali unene wa adapta yenyewe, na lenzi iliyosogezwa mbele namna hiyo huona vitu vya karibu tu: utaweza kufokasi ua au pete ya ndoa, lakini bwana harusi aliyesimama upande wa pili wa ukumbi hatatulia hata uzungushe vipi. Zipo adapta zenye kipande cha kioo ndani cha kurekebisha kasoro hiyo, ila nyingi za bei nafuu hufifisha picha hasa tundu likiwa wazi, nawe unaitaka lenzi hii kwa sababu ya tundu lililo wazi. Iache.

Takumar na Helios hufungwa kwa skrubu ya M42, mfumo uliotumiwa na Praktica za Ujerumani Mashariki, Zenit za Muungano wa Kisovieti, na Pentax za Japani kabla Pentax hawajahamia mfumo wao wa K. Umbali wake ni milimita 45.46. (Hiyo 42 katika jina ni kipenyo cha skrubu, wala haihusiani na milimita 42 za FD.) Nikkor ni ya mfumo wa F wa Nikon, ulioanza mwaka 1959, na umbali wake ni milimita 46.5. Yote miwili inazidi 44, kwa hiyo pengo linalobaki, la milimita moja na nusu hivi kwa M42 na mbili na nusu kwa Nikon, hujazwa na pete ya chuma tupu isiyo na kioo ndani, na ubora wa picha haupungui hata kidogo.

Sasa ukaguzi. Chukua tochi, hata ya simu inatosha. Fungua tundu la lenzi hadi mwisho, elekeza mwanga upande wa nyuma huku ukichungulia kwa mbele kwa mshazari, kisha geuza lenzi urudie. Vumbi dogo lisikutishe. Karibu kila lenzi ya umri huo inalo. Unachotafuta ni kuvu, yaani nyuzinyuzi nyembamba zinazotawanyika kama utando wa buibui kuanzia pembezoni kuelekea katikati. Kuvu hushamiri pale unyevu wa hewa unapokaa juu ya asilimia 70 hivi kwa muda mrefu, na sisi wa pwani wakati wa masika hatuna haja ya kifaa kutuambia hilo. Kusema kweli, huo mkoba wa ngozi unanitia wasiwasi kuliko umri wa lenzi zenyewe, maana ngozi hunywa unyevu na kuutunza. Kuvu kidogo pembezoni haionekani kwenye picha. Iliyotanda katikati huifanya picha iwe imepauka, na ikiachwa miaka mingi hula ule utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo wa kuzuia mng'ao, na hapo hata fundi hodari akisafisha alama zitabaki. Usiichanganye kuvu na ukungu mwepesi uliotanda sawasawa juu ya kioo chote, ambao mara nyingi ni mvuke wa grisi ya zamani na husafishika.

Baada ya vioo, tazama mabapa yanayofunga tundu. Kwenye Takumar kuna swichi ndogo ya A na M. Iweke kwenye M, kisha zungusha pete ya namba uone kama mabapa yanafuata mkono wako bila kuchelewa. Mabapa yanayong'aa kwa mafuta na kujivuta polepole ni sababu ya kupunguziwa bei. Pete ya fokasi iwe nyororo kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikiwa ngumu, hiyo ni grisi iliyokauka, na dawa yake ni fundi, si nguvu.

Jambo la mwisho linahusu Takumar. Ilaze juu ya karatasi nyeupe uchungulie. Ikiwa karatasi inaonekana ya manjano, usiitupe: matoleo mengi ya lenzi hiyo yana kioo kilichochanganywa na thoriamu, madini yenye mionzi hafifu, ambayo baada ya miaka hukibadilisha kioo rangi. Kwa matumizi ya kawaida ya kupigia picha mionzi hiyo si ya kuogopwa. Ila kioo chake usikisage wala kukivunja, na usiigeuze lenzi kuwa kioo cha kukuzia unachokiweka jichoni kila siku. Manjano hayo hupungua sana lenzi ikianikwa juani kwa siku kadhaa hadi wiki kadhaa, upande wa nyuma ukielekea jua na mfuniko wa mbele ukiwa umefungwa. Huo mfuniko ni wa lazima, kwa sababu lenzi ya f/1.4 iliyoachwa wazi pande zote mbili juani inaweza kuwasha pazia. Nakushauri jua la asubuhi, kwani la saa saba mchana huyeyusha grisi ikaenda kukaa kwenye mabapa.

MpigaHarusi, Nairobi:

Sina ubishi na hesabu za fundi. Ninachotilia shaka, ndugu yangu wa Tanga, ni kazi unayotaka kuzipa lenzi hizi.

Kihisi cha 700D ni kidogo kuliko fremu ya mkanda, kwa hiyo uoni wa lenzi hubanwa kwa mara 1.6. Takumar ya 50 itaona kama ya 80, Helios itaona kama ya 93, na Nikkor itaona kama ya 216, nayo haina kifaa chochote cha kuzuia mtikisiko, kwa hiyo kasi ya shata itabidi iwe sekunde 1/250 au zaidi katika ukumbi ambao mwanga wake pekee ni taa za rangi za mpambaji. Kwa picha ya ukoo mzima jukwaani hakuna hata moja kati ya hizo itakayokuokoa. Utaendelea kutegemea ile 18-55 na flashi.

Halafu kuna fokasi yenyewe. Ukipiga kwa Takumar kwenye f/1.4 mtu akiwa mita 2 kutoka kwako, eneo linaloonekana kali kwa mbele na nyuma halizidi sentimita 9, na bi harusi anayecheza huvuka umbali huo kabla hujabonyeza. Kamera za zamani zilikuwa na kioo maalumu chenye duara lililogawanyika katikati, ambalo lilimwonyesha mpiga picha kwamba fokasi imekaa. Kamera yako haina, na mbaya zaidi, dirisha la kuchungulia la kamera za sasa halionyeshi ukweli wa matundu makubwa kama f/1.4: picha huonekana kali humo ndani hata pale ambapo fokasi imekwisha kupotea. Kuna adapta zenye chipu ambazo huiwezesha kamera kulia na kuwasha taa fokasi ikikaa, nazo husaidia, ila kwenye f/1.4 usiziamini moja kwa moja.

Ningekuwa wewe, ningeweka akiba ya lenzi ya Canon EF 50 f/1.8 STM iliyotoka mwaka 2015, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa za Canon na hufokasi yenyewe. Mteja akikulipa kwa siku ambayo haitarudiwa, kumkosa akivishwa pete kwa sababu ulikuwa ukizungusha lenzi ni jambo gumu kulieleza kwa wazazi wake.

MtuWaLikoni, Mombasa:

Dada wa Nairobi amesema kweli kuhusu maharusi wanaoingia wakicheza, lakini harusi si kucheza tu. Mimi hutumia Takumar na Helios saa zile za kabla ya sherehe, bi harusi anapopambwa: mikono yenye hina iliyotulia juu ya kanga, vikuba vya asumini, viatu, nguo iliyotundikwa dirishani. Vitu hivyo havikimbii. Unawasha skrini ya nyuma, unakuza picha mara 5 kisha mara 10, unazungusha polepole mpaka uzi mmoja wa darizi uonekane peke yake, unapiga. Kwa njia hiyo fokasi huwa sahihi kabisa, kwa sababu unatazama picha ileile inayopokelewa na kihisi.

Kuhusu kuendesha kamera: tumia M (unapanga kila kitu mwenyewe) au Av (unapanga tundu, kamera inapanga kasi). Kamera haitaitambua lenzi, na pale penye namba ya tundu itaandika sufuri, lakini kipimo cha mwanga kitafanya kazi kupitia lenzi. Fokasi tundu likiwa wazi, kisha lifunge hadi namba unayotaka ndipo upige, maana ukifunga kwanza dirisha litakuwa giza. Helios 44-2 ina pete mbili kwa ajili hiyo: moja unaitega kwenye f/4, kwa mfano, na nyingine inakuwezesha kwenda na kurudi kati ya f/2 na hiyo f/4 bila kuondoa jicho. Kwenye f/1.4 Takumar ni laini kidogo, kuanzia f/2.8 inashindana na lenzi nyingi za leo.

Watu wataisifia Helios kwa namna inavyozungusha majani nyuma ya mtu. Mzunguko huo upo, ila nguvu yake iko pembeni mwa picha, na kihisi chako hukata pembe hizo, kwa hiyo utaupata nusu tu, na hata huo unahitaji f/2, mtu aliye karibu, na nyuma yake miti yenye mianya ya mwanga. Ukipiga mbele ya ukuta mweupe hutauona kamwe.

Jihadhari na jua la ufukweni. Super-Takumar na Helios ni za kabla ya upakaji wa tabaka nyingi za kuzuia mng'ao kuenea. Pentax walianza kuziuza zao zenye tabaka nyingi mwaka 1971, zikiandikwa Super-Multi-Coated. Hizi zako jua likizipiga usoni picha hupauka yote. Lenzi zote mbili zina mdomo wa milimita 49, kwa hiyo kofia moja ya mpira itazitosha zote mbili.

Mwanachuo, Morogoro:

Samahani kwa kuingilia. Mimi nina Nikon D3200. Kama kaka hataichukua ile Nikkor, je, itaingia kwangu bila adapta? Na Helios nazo?

FundiVioo, Dar es Salaam:

Nikkor itaingia. Kamera za ngazi yako hazina kile kijino cha pembeni mwa pete ambacho lenzi zilizotengenezwa kabla ya mfumo wa AI wa mwaka 1977 (njia ya Nikon ya lenzi kuijulisha kamera tundu lake) hukivunja. Mwenye D7000 au D300 asijaribu kabla lenzi haijafanyiwa marekebisho. Kwako kipima mwanga hakitafanya kazi, itabidi utumie M na kusoma mwanga kwenye picha uliyopiga, lakini nukta ya kijani ya fokasi ndani ya dirisha itawaka kama kawaida. Helios isahau, mwanangu, kwa hesabu ileile niliyompa mwenzako: 45.46 ni fupi kuliko 46.5.

MswahiliMaskati, Oman:

Ningependa kuitetea FD kidogo. Kwa 700D haifai, hilo limekwisha. Lakini kwa mwenye kamera isiyo na kioo cha kuakisi ni lenzi safi, kwa sababu kamera hizo zina umbali mfupi sana: Sony E ni milimita 18, Fujifilm X ni 17.7, Canon RF ni 20, na Nikon Z ni 16, hivyo karibu lenzi yoyote ya zamani inaingia na nafasi inabaki. Mimi natumia FD kwenye Sony A7 II, ambayo kihisi chake hutulia chenyewe mkono ukitikisika, mradi uiambie kamera kwa mkono kwamba lenzi ni ya milimita 50, na uiruhusu kwenye menyu kupiga bila kutambua lenzi, la sivyo shata haitafunguka. Kingo za kitu kilichomo kwenye fokasi huwaka rangi nyekundu au njano kwenye skrini. Familia ikitaka kukupa FD kama nyongeza, ipokee, utapata mtu wa kumuuzia.

Kuhusu kuvu, zikifika nyumbani zisirudi kwenye ngozi. Tafuta chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, weka silika jeli ya punje za rangi, na kipima unyevu kidogo ukikipata. Punje za buluu zikigeuka waridi, au za chungwa zikigeuka kijani, zimeshiba maji. Zikaushe kwenye oveni kwa moto mdogo mpaka rangi irudi. Na zitumie lenzi hizo, kwani kuvu hupenda lenzi iliyofungiwa gizani kuliko ile inayotoka nje kila wiki.

PwaniPicha, Tanga:

Nawashukuru nyote. Nimerudi studio na tochi. Nikkor ina kuvu iliyofika katikati kabisa, kwenye kioo cha ndani, na inaonekana wazi hata bila kuchungulia kwa mshazari, kwa hiyo nimeiacha. Mwanachuo asisafiri kwa ajili yake. Takumar ni ya manjano kama fundi alivyobashiri, lakini ni safi, na mabapa yake yanafuata pete vizuri. Helios ina pete ngumu ya fokasi, namba yake inaanza na 79, na ina alama ya mche wa kioo wenye mshale wa mwanga. Nimezichukua hizo mbili. FD mtoto mkubwa wa marehemu ameamua kubaki nayo kwa kumbukumbu ya baba yake.

Swali la mwisho: wauzaji wana adapta za M42 za aina mbili, moja ina ukingo ndani na nyingine haina. Nichukue ipi? Na lenzi ya STM nimeanza kuiwekea akiba, dada.

FundiVioo, Dar es Salaam:

Hiyo Helios ni ya kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow, na kwa lenzi za namna hiyo tarakimu mbili za mwanzo mara nyingi ndizo mwaka, yaani 1979. Ukingo wa adapta kazi yake ni kukandamiza kile kipini kidogo kilicho nyuma ya lenzi za M42 za tundu linalojifunga lenyewe, ili mabapa yafuate pete. Helios 44-2 haina kipini hicho, na Takumar ina swichi ya M inayofanya kazi hiyohiyo, kwa hiyo kwako yoyote itafaa. Chukua yenye ukingo ikiwa unafikiria kununua lenzi nyingine za M42 baadaye, kwani baadhi yake hazina swichi. Ukishaifunga, kabla ya kulipa, elekeza kamera kwenye mnara au meli iliyo mbali na uhakikishe kwamba inatulia pete ya fokasi ikiwa imefika mwisho. Isipotulia, adapta ni nene kupita kiasi, irudishe hapohapo.

Pete ngumu ya Helios mpelekee fundi mwenye bisibisi ndogo zinazokaa sawasawa kwenye skrubu, na umwambie aweke alama pale uzi wa fokasi unapoachana kabla hajaibadilisha grisi, kwa sababu ikirudishwa kwa kuanzia mahali pengine haitafokasi mbali tena.